Risala Isiyo na Maombi

Sehemu kubwa ya utumishi wangu wa ualimu niliandika risala. Mwalimu mkuu wa kwanza niliyefanya naye kazi, katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Morogoro, aliupenda mwandiko wangu, na tangu hapo kila alipotarajiwa mgeni rasmi karatasi zililetwa mezani kwangu. Nimeandika risala za mahafali, za kuweka jiwe la msingi, za kuzindua visima na maabara, za kuupokea Mwenge wa Uhuru. Zimesomwa mbele ya madiwani, wakuu wa wilaya, wakuu wa mikoa na mawaziri. Sasa nimestaafu na naweza kusema nilichokiona.

Risala ina mpangilio wake unaojulikana na kila mwalimu wa Tanzania: kumkaribisha mgeni, kushukuru, kutaja mafanikio, kutaja changamoto, kisha kuomba. Sehemu mbili za mwisho ndizo zilizotufanya tuandike. Kijiji kilimwalika mkubwa ili kimwambie kwamba paa linavuja, na kimwambie mbele ya watu, ili akiahidi mabati wote wawe wamesikia. Katika miaka yangu shukrani zilirefuka na maombi yakapungua, mpaka siku moja ikasomwa risala ya shule yetu ambayo haikuomba chochote. Tulivyofika hapo ndiyo historia ya siasa yetu kama nilivyoiishi.

Nilianza darasa la kwanza Mwalimu Nyerere akiwa Ikulu. Picha yake ilikuwa juu ya ubao, na kila mkutano wa kijiji ulifungwa kwa sauti ya katibu: "Zidumu fikra za Mwenyekiti wa CCM!" Nasi watoto tuliokaa chini kwenye vumbi tukaitikia kwa nguvu kuliko wakubwa: "Zidumu!"

Mwalimu mwenyewe hakuwa mtu wa kupenda makuu. Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, aliacha uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa ili akakijenge chama. Mwaka 1966 aliupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Mwaka 1985 alitoka Ikulu kwa hiari yake, jambo ambalo marais wengi wa Afrika wa rika lake hawakulifanya. Nampenda na nitaendelea kumpenda. Lakini mfumo uliojengwa kumzunguka ulikuwa wa mtu mmoja. Uchaguzi wa rais ulikuwa wa jina moja, unapiga ndiyo au hapana, na sheria ya 1962 ilimpa mamlaka ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Unyenyekevu wa moyo wake haukuweza kuziba pengo lililoachwa na mfumo huo, na familia yetu iliona gharama yake.

Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na ikapangwa kwamba hadi mwisho wa 1976 wote wawe wamehamia. Nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni nyumba ya babu ilipobomolewa. Baba alinisimulia baadaye kwamba eneo lililochaguliwa lilikuwa mbali na mto na mbali zaidi na mashamba. Wazee walimweleza kiongozi aliyesimamia uhamishaji, naye akawakubalia kwa kichwa. Kisha akaandika taarifa kwamba wananchi wamehama kwa furaha na kabla ya wakati, kwa sababu alikuwa anashindana na mwenzake wa kata jirani nani atamaliza kwanza. Baba alikuwa mwanachama mwaminifu wa TANU na hakumlaumu Mwalimu hata siku moja. Kila aliposimulia alimalizia kwa maneno mawili: "Mwalimu hakuambiwa."

Nimeishi na maneno hayo maisha yangu yote. Ni maneno ya upendo, na yana ukweli ndani yake, lakini yanaacha swali ambalo baba hakuliuliza. Kwa nini hakuambiwa? Kwa sababu kila aliyepaswa kumwambia alikuwa amepata nafasi yake kwa uteuzi, na angeweza kuipoteza kwa kusema.

Mwaka 1990 Mwalimu alimkabidhi Mzee Mwinyi, aliyemrithi Ikulu, uenyekiti wa chama, na toka hapo kila Rais alikuja kuwa pia Mwenyekiti wa CCM. Tume ya Jaji Nyalali iliposikiliza wananchi kuhusu mfumo wa vyama, karibu asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee, lakini Tume ikapendekeza vyama vingi, navyo vikarudi mwaka 1992. Ilipendekeza pia kuangaliwa upya sheria nyingi kandamizi. Katiba ya 1977 ikatiwa viraka na safari ikaendelea. Mwinyi akaondoka, Mkapa akaondoka, Kikwete akaondoka, kila mmoja baada ya vipindi viwili. Hili ni jambo kubwa na hatujivunii vya kutosha. Ila kila rais alipoondoka, picha moja ilishushwa kwenye kuta za ofisi na maduka, nyingine ikapandishwa kwenye msumari uleule, na midomo iliyomsifu wa jana ikaanza kumsifu wa leo bila kupumzika. Ndipo nilipoelewa kwamba sifa zetu zinakifuata kiti, yeyote atakayekikalia.

Nikajiendeleza, nikahamia sekondari. Ulikuwa wakati wa MMES, mpango wa sekondari ulioanza 2004, shule za kata zikichipuka kila mahali. Risala za miaka ile ninazo baadhi hadi leo. Zilianza kwa kuwashukuru wananchi, na zilikwenda kwa undani: kitongoji fulani kimeleta mawe, kingine kimefyatua matofali, akina mama wamesomba maji ya ujenzi, serikali imeleta mabati na saruji. Mgeni rasmi alikuja kama mtu anayetembelea kazi ya wengine. Na maombi yalikuwa ukurasa mzima. Mkuu wa shule wetu wa wakati huo, mzee mkali aliyekaribia kustaafu, alikuwa na kawaida ya kuyasoma maombi yeye mwenyewe, polepole, akimtazama mgeni usoni.

Kisha akaja Magufuli. Mwaka 2015 tulikuwa tumechoshwa na ubadhirifu, na mtu aliyefuta sherehe za Desemba 9 ili nchi ifagie mitaa yake alitugusa. Upendo wa watu kwake ulikuwa wa kweli, na anayeandika leo kana kwamba ulikuwa wa kununuliwa hakuiona barabara ya Morogoro siku msafara unapita. Watu walisubiri tangu alfajiri. Gari likisimama, mama anapaza sauti kuhusu shamba lake lililoporwa, kijana anaeleza kisima kilichokufa, na Rais hapohapo anamwita mhandisi, anamhoji, pengine anamfukuza kazi mbele ya umati. Makofi yalikuwa makubwa. Nami nilipiga.

Lakini fikiria maana yake. Kisima cha kijiji kimekufa miaka mitatu. Kuna mhandisi wa wilaya, kuna diwani, kuna baraza la madiwani lenye kamati zake, kuna mbunge. Wote hao wamepitwa, na haki ya maji ikapatikana kwa bahati ya msafara kusimama pale badala ya kijiji kinachofuata. Kijiji kinachofuata kilikuwa na kisima kibovu vilevile. Watu waliondoka wakiamini kwamba dawa ya kisima ni Rais, na baraza la madiwani likazidi kudharauliwa. Wakati huohuo matangazo ya moja kwa moja ya Bunge yalizimwa, mikutano ya hadhara ya vyama ikapigwa marufuku mwaka 2016, na sauti iliyobaki ikisikika nchi nzima ikawa moja.

Mimi ni mwalimu, na jambo lililoniuma kuliko yote lilikuwa la wasichana. Mjadala wa kuwarudisha shuleni waliopata ujauzito ulikuwa umefika mbali. Juni 2017, katika mkutano wa hadhara mkoani Pwani, Rais alisema mwanafunzi akizaa hatarudi. Kauli hiyo haikupita bungeni, haikupita kwenye mjadala wowote wa kitaaluma, na ikawa sheria kuliko sheria. Nilikuwa na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, hodari wa hisabati kuliko wavulana wote wa mkondo wake, aliyekuwa amejifungua na mama yake akakubali kulea mtoto. Tulikuwa tunatafuta njia ya kumrudisha. Baada ya siku ile hakuna mkuu wa shule aliyethubutu. Novemba 2021, Rais Samia akiwa Ikulu, serikali ilitoa waraka wa kuwaruhusu warudi, na nilishukuru kwa machozi. Binti yule alikuwa tayari anauza mitumba Msamvu, mjini Morogoro, na hakurudi. Lango la shule lilifungwa kwa neno la mtu mmoja, likafunguliwa chini ya mwingine, na kati ya maneno hayo mawili zilipotea akili ambazo taifa halitazipata tena.

Korona ilitufundisha somo hilohilo kwa misiba. Kufikia Mei 2020 zilikuwa zimetolewa takwimu za wagonjwa 509, kisha ukimya. Rais aliposema ugonjwa umeondoka, uliondoka kwenye taarifa. Mapema mwaka 2021 tulimzika mwalimu mwenzetu, na kwenye msiba ilisemwa alipata changamoto ya upumuaji. Hakuna aliyeuliza. Machi 17 Rais naye akatutoka, na Julai 28 Rais mpya akachanjwa hadharani. Viongozi waliokuwa wakijifukiza nyungu mbele ya kamera wakapanga foleni ya chanjo mbele ya kamera zilezile, kwa bashasha ileile. Sijui ni wangapi kati yao walikuwa wanaamini nyungu, na wangapi waliamini chanjo. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia mkubwa maneno ambayo hakutaka kuyasikia, na kwamba walioaminika kulinda afya zetu walilinda kwanza vyeo vyao.

Sasa nije kwenye ile risala.

Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha kwa Tanzania mkopo wa dola milioni 567, sawa na shilingi trilioni 1.3. Sehemu yake ilijenga madarasa 15,000, ya sekondari 12,000 na ya shule shikizi 3,000, kila moja kwa shilingi milioni 20. Yalikuwa madarasa mazuri, yenye vigae, na wanafunzi wangu walioyaingia Januari 2022 walifurahi. Serikali ilifanya uamuzi mzuri kuzipeleka fedha zile huko, na nampongeza aliyeufanya. Lakini vibao na mabango yaliyopandishwa nchi nzima hayakusema mkopo. Yalisema "Pesa za Mama", "Mama katoa", "Asante Mama", Mama akiwa ni Rais Samia. Mkopo huo unalipwa na anayenunua sukari, vocha na dizeli ya bodaboda, awe Namtumbo au Kakonko. Alichotoa Rais ni maelekezo, na hiyo ndiyo kazi anayolipwa kuifanya.

Niliandika risala ya kuyapokea madarasa yetu mawili. Niliweka shukrani, kwa Rais zikiwa za kwanza, kama inavyostahili. Nikaweka changamoto moja tu: shule ilikuwa na wasichana zaidi ya mia mbili na matundu manne ya vyoo. Kiwango cha serikali yenyewe ni tundu moja kwa wasichana 20. Rasimu ikapelekwa wilayani kupitiwa, kama ilivyokuwa desturi siku hizo. Ilirudi imechapwa upya. Shukrani zilikuwa zimefika ukurasa mmoja na nusu, vyeo na majina ya Rais yakirudiwa kila aya. Wananchi waliochimba msingi hawakutajwa. Aya ya vyoo haikuwepo, na mahali pake palikuwa na sentensi: "Mheshimiwa mgeni rasmi, kwa juhudi za Mama, shule yetu haina changamoto kubwa."

Aliyepangwa kuisoma alikuwa msichana wa Kidato cha Tatu, mwenye sauti safi. Kila mapumziko alisimama kwenye foleni ya matundu yale manne, na siku zake za hedhi alibaki nyumbani. Akasoma kwamba shule haina changamoto kubwa. Mgeni rasmi, mtu muungwana kwa kweli, alisimama akatusifu kwa kutolalamika na akataka shule nyingine zije zijifunze kwetu. Ngoma ikapigwa. Tukala pilau.

Nimemfikiria mgeni yule mara nyingi, na sina kinyongo naye. Alikuwa na fungu alilokuwa anaweza kulielekeza kwenye vyoo siku ileile. Hakuambiwa, kama baba alivyokuwa akisema. Aliyeifuta aya ile naye namwelewa, maana mkuu wake alikuwa mteule, na mkuu wa mkuu wake mteule, na wote hulala wakisubiri mkeka, ile orodha ya uteuzi na utenguzi. Mkeka ukitoka usiku, mtu aliyekuwa na gari, dereva na mlinzi anaamka hana hata ofisi. Kwa Katiba na sheria zetu Rais anateua mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, katibu tawala, mkurugenzi wa halmashauri, na orodha inaendelea hadi kwa majaji na wajumbe wa tume ya uchaguzi. Ibara ya 37 ya Katiba inasema yuko huru na halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka. Akitangazwa mshindi wa uchaguzi, ibara ya 41 inazuia mahakama kuuchunguza ushindi huo. Mpe malaika mamlaka hayo, baada ya miaka miwili atakuwa amezungukwa na watu wanaocheka kabla hajamaliza utani wake.

Kwenye mzunguko huo ndipo ilipozaliwa kazi mpya. Kijana niliyemfundisha fasihi, mwenye kipawa cha maneno, alimaliza chuo akakaa nyumbani miaka. Siku hizi anarekodi video za kuwasifu wakubwa na kuwatukana wanaowakosoa. Tulipokutana mjini Morogoro aliniamkia kwa heshima zote, "Shikamoo Mwalimu", nikamuuliza habari za kazi. Akasema, "Mimi ni chawa, Mwalimu. Ndiyo ajira yenyewe." Hakuona aibu, na mimi sikumwonea hasira, kwa kuwa nchi ambayo kijana wake mwerevu analipwa zaidi kwa kusifu kuliko kwa kufundisha imemfundisha hivyo yenyewe. Jina la Rais limewekwa kwenye ufadhili wa wanafunzi, kwenye kampeni ya msaada wa kisheria, kwenye hatifungani ya barabara, hata kwenye mpira: Simba au Yanga wakifunga katika mashindano ya Afrika, ni Goli la Mama na kuna mamilioni. Kijana anayeona hayo yote atajua upande gani wa kusimama.

Nchini Kenya watoto wa rika langu walikunywa Maziwa ya Nyayo shuleni na kumshukuru Rais Moi kwa wimbo. Wakenya walipoandika Katiba yao ya 2010 waliweka ibara inayokataza noti na sarafu kubeba sura ya mtu yeyote. Bado wana wafalme wao wa vyama, na matatizo yao ni yao. Ila waliona kwamba jambo hili linahitaji kifungu cha sheria, kwa sababu unyenyekevu wa kiongozi mmoja haurithiwi na anayemfuata. Sisi tulikuwa na nafasi hiyo. Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Warioba ilizunguka nchi, ikakusanya maoni, na rasimu yake ilitaka uteuzi mkubwa wa Rais uthibitishwe na Bunge. Mwaka 2014 mengi ya msingi katika rasimu hiyo yalibadilishwa, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa. Haijafanyika hadi leo.

Januari 2025, mkutano mkuu maalumu wa CCM jijini Dodoma ulimpitisha Rais Samia kuwa mgombea pekee wa chama, miezi kabla ya muda uliozoeleka wa kuchukua fomu, kwa shangwe. Oktoba 29 tukapiga kura, kiongozi wa chama kikuu cha upinzani akiwa gerezani kwa shitaka la uhaini na chama chake kikiwa nje ya uchaguzi. Matokeo yaliyotangazwa yalimpa Rais Samia zaidi ya asilimia 97. Siku ileile ya kura vijana waliingia barabarani, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na watu wakauawa kwa idadi ambayo hadi leo inabishaniwa. Wapo wanaoshangaa hasira ile ilitoka wapi. Ilikuwepo miaka yote, ikiandikwa kwenye rasimu na kufutwa kabla ya kusomwa. Serikali iliyozoea kusikia kwamba haina changamoto kubwa haikuwa na njia ya kuijua.

Simwombei mabaya kiongozi yeyote. Nawaomba wabunge waifufue kazi ya Tume ya Warioba na kuirudisha kwa wananchi, na kwa sasa watunge sheria fupi: kibao cha mradi wa umma kiandikwe gharama, chanzo cha fedha na jina la mkandarasi, na jina la kiongozi aliye madarakani lisiwepo.

Na wewe mwalimu ambaye wiki ijayo utaletewa karatasi uandike risala ya ziara, nakusihi: mshukuru mgeni kwa sentensi moja, kisha taja matundu ya vyoo kwa idadi. Wataje waliochimba msingi kitongoji kwa kitongoji. Rasimu ikirudi imebadilishwa, nakala yako ya kwanza mpe mwenyekiti wa bodi ya shule na mpe diwani, uwaombe iingizwe kwenye muhtasari wa kikao kabla mgeni hajafika.